Wageni Waliompima Mama Mdogo

Jirani yangu wa sasa anapika kwa mawese. Mafuta yakishika moto, harufu yake nzito inavuka ua na kuingia dirishani kwangu, na mimi, mwanamke mwenye wajukuu, najikuta nageuka kutazama mlango. Si woga hasa. Ni tabia ya kutazama mikono ya mtu kabla ya kumtazama uso, tabia niliyoipata nikiwa mtoto Nchelenge, msimu ule akina mama wa kanisa kutoka ng'ambo ya ziwa walipokuja kukaa kwetu.

Walio wa rika langu mtakumbuka mambo yalivyokuwa. Ng'ambo ile ilikuwa ya Wabelgiji, huku kwetu kulikuwa kwa Waingereza, na katikati lilikuwapo ziwa Mweru, ambalo halikumjali hata mmoja wao. Watu walivuka kuuza samaki, kuvuka tena kuzika ndugu, kuvuka tena kusali. Akina mama wa kanisa letu walikuwa wamekwenda Kilwa, mji wa ng'ambo ile, si Kilwa ya pwani, kiangazi kimoja, na kiangazi kilichofuata wale wa Kilwa wakaja kulipa matembezi. Walishuka kwenye mashua ya injini ya Mgiriki mmoja mnunuzi wa samaki, wanaimba, vitambaa vyeupe vichwani, pindo za nguo zao zimelowa maji. Wakagawanywa nyumba kwa nyumba. Kwetu akaja kiongozi wao, Mama Filipo, na wenzake wawili.

Ninaposema kwetu, nasema kwa Mbuya, bibi yangu mzaa mama. Wazazi wangu walikuwa kusini, kwenye migodi ya shaba, na mimi niliachwa kwa Mbuya mara tu nilipoacha kunyonya. Lakini aliyenilea hasa ni mama mdogo Chilufya, kitinda mimba wa Mbuya, msichana mrefu mwenye sauti ya kuanzisha nyimbo kanisani. Nililala mkeka mmoja naye. Akienda kuloweka mihogo nafuata, akienda kununua chumvi nafuata. Watu walisema, "Huyu Bupe ni mkia wa Chilufya," na mimi niliona ni sifa. Mama yangu wa kunizaa nilimjua kwa picha moja tu, amesimama kando ya kiti. Chilufya nilimjua kwa jasho lake.

Kwa hiyo wale wageni walipoanza kumtazama sana Chilufya, mimi ndiye niliyeona kwanza.

Mwanzoni nilichukia chakula chao tu. Yale majani ya mihogo ambayo sisi tunayaita katapa na kuyapika na karanga zilizotwangwa, wao waliyaita sombe, na waliyamwagia mawese kutoka kwenye chupa waliyokuja nayo, mpaka sufuria ikawa nyekundu. Nilikuwa sijawahi kuona mafuta mekundu. Siku zile watoto tulitishwa kwa habari za banyama, watu wanaokamata watu, na kila mgeni aliyeshuka pwani tulimchunguza kwanza. Nilitazama ile sufuria, nikamtazama Mama Filipo akilamba kidole chake, nikasema moyoni: hii si rangi ya chakula. Nikala ubwali, ugali wetu, mkavu. Mbuya akanifinya paja kwa aibu.

Kisha yakaja mengine. Mama Filipo alikuwa mwanamke mnene, mpole wa sauti, mwenye mwanya, na alipenda kukaa kwenye kigoda mlangoni. Chilufya akipita na mtungi kichwani, yule mama anaacha kuzungumza, anamtazama kuanzia kisigino hadi shingo, mpaka apotelee jikoni. Halafu anamgusa mwenzake kwa kiwiko. Siku moja alimwomba Chilufya amwoneshe viganja vyake. Akavigeuza, akavibonyeza kama mtu anayechagua viazi, akasema, "Iko na nguvu, huyu." Siku nyingine nilirudi kutoka kwenye mihogo nikawakuta wamemsimamisha katikati ya nyumba. Mama Filipo ameshika uzi mrefu, anamzungushia kiunoni, kisha mabegani, kisha anaushusha mpaka kwenye kifundo cha mguu, na kila anapofika anafunga fundo.

"Unafanya nini, Mama?" niliuliza.

"Tunapenda kumushonea robe," alisema, akacheka. Mwenzake naye akacheka, haraka mno.

Mimi nilikulia kati ya watengeneza nyavu. Nilijua kwamba mtu akipima na kufunga mafundo, mwisho wa kamba kunakuja jiwe.

Kiswahili changu kilikuwa cha samaki na chumvi. Mbuya aliuza samaki wa kukaushwa kwa wachuuzi wa ng'ambo, nami nilikaa kando yake nikishika maneno: bei gani, ongeza, wameoza hawa, kesho. Kwetu nyumbani tulisema Kibemba. Wageni hawakujua Kibemba ila salamu, kwa hiyo Mbuya na Mama Filipo walizungumza kwa Kiswahili, na Chilufya pia alikijua vizuri, kwa sababu alikuwa anasoma Biblia ya Kiswahili aliyoletewa na Mbuya kutoka Kilwa. Mimi waliniona mtoto, hawakunihesabu kuwa nina masikio.

Siku ya kuagana ilipokaribia, wazee hawa wawili walikuwa wameketi nyuma ya nyumba wakichambua karanga. Nilikuwa upande wa pili wa ukuta wa matete, nacheza na kifaranga. Nilimsikia Mama Filipo akishusha sauti, na kwa sababu aliishusha, mimi nikasogea.

"Bon, dada," alisema. "Tutamuposa siku ya kuagana, mbele ya batu bote. Mbele ya batu, mutoto mwanamuke hawezi kukatala."

"Asijue mbele," Mbuya akajibu. "Akijua, ana kichwa kigumu."

"Hapana, hatajua. Tukisha kumuposa, asubuhi tunamubeba ku mashua. Kwisha."

Kifaranga kikanitoka mikononi.

Sasa msomaji wa Kiswahili ameshaelewa walichosema: kumposa, kumchumbia awe mke. Lakini neno hilo halikuwahi kusemwa kwenye samaki wa kukaushwa. Mimi nilikuwa na neno la Kibemba tu, na kwa Kibemba kuposa ni kutupa. Unaposa jiwe, unaposa wavu majini. Nilisikia watamtupa Chilufya. Siku ya sherehe, mbele ya watu, na asubuhi mashua. Kiuno kilikuwa kimeshapimwa. Na jambo lililokuwa baya zaidi ni kwamba Mbuya alikuwa amekubali, huku akipeperusha maganda ya karanga.

Sikula jioni ile. Kesho yake nikamfuata Chilufya ziwani kuosha sufuria. Alikuwa amefunga kitambaa kiunoni, anasugua kwa mchanga, anaimba kidogo kidogo wimbo wa kuagana waliokuwa wanajifunza. Nikamshika nguo.

"Mayo, usiende kwenye sherehe," nilimwambia kwa Kibemba; mayo kwetu ni mama.

"Kwa nini? Na nani ataanzisha nyimbo, wewe?"

"Watakutupa ziwani."

Akacheka mpaka akaachia sufuria, ikaanza kuelea. "Nani atanitupa? Hawa wamama? Hata kuogelea hawajui."

"Mama Filipo amesema. Mbuya amekubali."

Aliponiona nalia, akaacha kucheka. Akachuchumaa majini, uso wake ukawa sawa na wangu. "Walisema Kibemba?"

"Kiswahili."

"Niambie kama walivyosema. Usiongeze, usipunguze."

Nikamwambia. Nilikuwa hodari wa kushika maneno, nikamtolea yote pamoja na sauti ya chini ya Mama Filipo, pamoja na ile "bon" na ile "kwisha". Sufuria ilikuwa imeanza kwenda zake; Chilufya akaifuata, akairudisha, akaanza kuisugua upya, na ilikuwa safi tayari. Aliisugua mpaka nikaona uso wangu ndani yake.

"Usimwambie mtu," alisema mwishowe. "Hata Mbuya. Hasa Mbuya."

Hakunieleza. Nimefikiri sana miaka hii kwa nini hakunieleza, maana neno moja lingeniponya. Nadhani alikuwa na mzigo wake mwenyewe, akasahau kwamba mimi nina wangu. Nikabaki na jiwe langu na uzi wangu wenye mafundo.

Sherehe ya kuagana ilifanywa mchana, kwenye uwanja wa kanisa, chini ya kivuli cha nyasi kilichojengwa kwa ajili hiyo. Kulikuwa na samaki wa makobo wa kuchoma, chisense, dagaa wa ziwa letu, waliokaangwa na nyanya, ubwali wa mihogo na wa mahindi, sombe yao na katapa yetu katika vyombo tofauti, na mitungi ya munkoyo, togwa ya mahindi na mizizi, iliyotiwa sukari. Wanaume walikaa upande mmoja na mwalimu wa kanisa, mzee aliyevaa koti hata kwenye jua. Nilikaa miguuni mwa Chilufya, nimeshika kifundo cha mguu wake. Kila Mama Filipo aliposimama, nilikaza mkono.

Waliimba, wakaomba, wakashukuru. Mama Filipo akatoa zawadi kwa kila nyumba iliyopokea wageni: kitenge, sabuni ya kunukia, chumvi. Wanawake wetu walipiga magoti, wakapiga makofi ya heshima, wakapokea. Kisha akasema kwa sauti ya kila mtu, "Na sasa iko zawadi ya mutoto wetu Chilufya, mwenye kutuimbishaka. Kuya hapa, mama."

Mwenzake akaleta sahani mbili, moja imefunika nyingine, juu yake kitambaa cheupe.

Nilihisi kifundo kikitoka mkononi mwangu. Chilufya akaenda. Akapiga magoti mbele ya Mama Filipo kama alivyofundishwa, akapiga makofi polepole, lakini hakunyoosha mikono. Sahani ikabaki hewani. Mama Filipo akaisogeza. Chilufya akaendelea kupiga makofi.

"Pokea, mutoto wangu."

"Mama, ninakushukuru. Lakini kwetu sahani iliyofunikwa inasema neno. Hii inasema nini?"

Hata aliyekuwa anatafuna aliacha.

"Ni zawadi tu," alisema Mama Filipo. Mwanya ukaonekana, ukapotea.

"Kama ni zawadi tu, naomba mwalimu aifunue."

Nilimtazama Mbuya. Alikuwa ameketi na wazee wa kike, mgongo umenyooka, na sikuwahi kuona uso wake ukiwa hivyo, kama mtu aliyeona moto nyumbani kwake akiwa mbali. Mwalimu wa kanisa alikohoa. Akamtazama Mbuya. Basi akafunua. Ndani mlikuwa na kikuku cha shaba na shanga nyeupe.

Wanawake wetu wakaguna kwa pamoja, sauti ya chini inayotoka tumboni. Wote walielewa. Mimi nilielewa kwa namna yangu: kikuku kile kilikuwa kizito, na kilikuwa cha mguu.

"Hii ni posa," Chilufya alisema. "Simjui mwenyewe. Yeye hanijui. Mama zangu, simkatai mtu, maana hakuna mtu aliyekuja. Nakataa kufunikwa. Siku mwenyewe akija akaniuliza kwa mdomo wake, nitamjibu kwa mdomo wangu."

Akaifunika sahani, akakunja kitambaa vizuri, akairudisha kwa mikono miwili, amepiga magoti bado. Hakuna adabu aliyoivunja ila moja, ile kubwa. Mwanamke mmoja nyuma akaanzisha wimbo, juu mno, na wote wakajitupa ndani ya wimbo ule ili wasitazamane.

Siku hiyo Mbuya hakumsemesha Chilufya. Alimwambia paka atoke, akamwambia kuku aingie, lakini binti yake alimpita kama nguzo. Wageni walifunga mizigo yao kimya. Mimi sikufurahi. Kwa akili yangu, walikuwa wameshindwa sehemu ya kwanza tu. Bado asubuhi, bado mashua.

Asubuhi desturi ilikuwa ni desturi: mgeni hasindikizwi na upepo. Kanisa zima lilishuka ufukweni. Mashua ya Mgiriki ilisimama pale maji yanapofika kiunoni, injini inakohoa, na vijana wetu wakabeba mizigo. Beseni la Mama Filipo lilikuwa zito, na Mbuya, bila kumtazama, akasema, "Chilufya, beba." Chilufya akajitwika, akaingia majini.

Niliona kila kitu kama nilivyokuwa nimekiona kichwani mwangu. Chilufya anafika kwenye mashua. Anatoa beseni. Mama Filipo, ameshapanda, anainama nje, anamshika kifundo cha mkono, anamvuta karibu, mdomo wake kwenye sikio lake. Sikumbuki kukimbia. Nakumbuka maji yakiingia mdomoni, gauni likipanda usoni, na kisha mkono mnene wenye harufu ya sabuni mbele yangu. Nikauma.

Mama Filipo akapiga yowe. Nami nilipopata pumzi nikapiga langu: "Mwimuposa! Mwimuposa mayo wandi!" Msimtupe, msimtupe mama yangu!

Aliyecheka kwanza ni nahodha wa mashua. Alikuwa Mkongo aliyeishi pande zote mbili, mwenye lugha zote mbili. Alishikilia usukani akacheka mpaka akainama, kisha akawaelezea wageni: huyu mutoto anaona mulipenda kumutupa mu maji, kwa Kibemba kuposa ni kutupa. Kicheko kikapita kwenye mashua, kikaruka majini, kikapanda ufukweni. Mwalimu wa kanisa alicheka ndani ya koti lake. Mama Filipo, ameshika mkono wake wenye alama za meno yangu, alicheka machozi yakamtoka, na machozi yale yakaendelea baada ya kicheko kwisha. Nikamtazama Mbuya. Alikuwa ameketi mchangani, amejifunika uso kwa kitenge, mabega yanatikisika. Sikujua anacheka au analia.

Chilufya alinibeba mgongoni mpaka nyumbani, tumelowa wote. Njiani akanieleza neno lile. Nikamuuliza Mama Filipo alimwambia nini sikioni.

"Alisema, usinichukie, mutoto wangu. Mama mwenye mwana mmoja anafanya wazimu."

"Wazimu gani?"

"Sijui, Bupe. Ndicho ninachofikiria."

Mimi sikutulia. Nilikuwa nimekosea neno, lakini moyo wangu ulikataa kusema kwamba nilikosea jambo. Mtu mwenye nia safi hafuniki sahani.

Filipo mwenyewe alikuja mvua zilipokatika. Alishuka na wanunuzi wa samaki, kijana mfupi mwenye masikio makubwa na viatu vilivyong'arishwa, akauliza nyumba ya Mbuya. Alipewa kigoda, akaketi uani, jua limesimama juu, kofia magotini. Chilufya alikaa kwenye mkeka mbele yake, Mbuya mlangoni, na mimi katikati, karibu na magoti ya mgeni, tayari kwa lolote.

"Dada," alimwambia Chilufya, "nilisikia ulisema mwenyewe akuye. Basi niko hapa. Nimekuya kusema asante."

"Asante ya nini?"

"Ya kukatala." Aligeuza kofia. "Mie niko na bibi. Kule mujini, ku kazi ya shaba. Niko naye na batoto babili. Mama hamupende, juu si mutu wa kabila yetu, si wa kanisa yetu. Alisema akinipatia bibi wa huku nitaacha yule. Alipenda nikute amekwisha kufika mu nyumba. Mie sikujua kitu."

Nikamwona Chilufya anatabasamu, tabasamu la kwanza tangu sherehe. "Basi na wewe hawakukuuliza."

"Hata kidogo."

Wakacheka wote wawili, kicheko cha watu waliokoswa na gari moja. Mbuya hakucheka. Alisogea kutoka mlangoni.

"Mama yako alipokaa hapa kwangu," alimuuliza, "akila chakula changu, alijua una mke?"

Filipo akainamisha kichwa. "Alijua, nkambo," alimjibu, kwa neno lao la kumwita nyanya.

Mbuya alikuwa amemwita yule mwanamke dada. Walikuwa wameuziana samaki na kuombeana tangu mimi sijazaliwa. Aliinuka, akaingia ndani. Filipo alikunywa maji, akaaga, akaenda zake. Chilufya akarudi kwenye kinu chake, akaanza kutwanga mihogo kana kwamba ni siku kama nyingine.

Ndipo Mbuya alipotoka. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Alikwenda mpaka kwenye kinu, na pale, mbele ya kuku na mbele yangu, yule mwanamke ambaye wanaume walimpisha njia akapiga magoti kwenye vumbi. Akakunja viganja, akapiga makofi ya heshima kwa binti yake, taratibu, yale tunayowapigia wakubwa tukiwa tumewakosea.

Mchi ulisimama hewani. Kisha Chilufya akautupa chini, akajiangusha magotini naye, akaikamata mikono ile ya mama yake, akaishika ili isipige tena.